Anemoni wa Hosea

Anemoni wa Hosea alikaa kwenye akwaria, tangi la kioo, sebuleni kwetu Kibosho, mahali ilipokuwa redio ya marehemu baba. Ni mnyama wa baharini anayefanana na ua: shina lake hushika jiwe, na juu yake vidole laini hupepea majini. Hosea ni kijana wa kihamba cha jirani, shamba la ukoo linalopakana na letu; nilisoma naye chuo cha uvuvi. Alimleta kutoka Tanga kwenye ndoo yenye kifuniko, Desemba ile watu walipopanda mlimani kurudi nyumbani kwa Krismasi. Alikuwa anahamishiwa Mtwara kikazi.

"Nitunzie tu, Elisifa," alisema. "Desemba ijayo nitamfuata."

Desemba iliyofuata hakuja.

Mimi si mtu wa maneno. Kila Jumamosi nilimpiga picha anemoni nikaituma Mtwara bila kuandika chochote. Hosea alijibu, "Safi." Neno hilo lilinitosha wiki nzima, au nilijilazimisha linitoshe.

Kila asubuhi nilipima joto la maji, maana huku juu mwezi wa saba baridi inaingia hadi kabatini. Maji yakipungua niliongeza ya mvua, yasiyo na chumvi. Yanayopotea hewani ni maji, chumvi hubaki. Mara mbili kwa wiki nilimpa kipande cha samaki kwa kibanio. Vidole vilikifumbata taratibu, nami nilisubiri hadi kipotee.

"Ng'ombe nikimlisha ananipa maziwa," Mama alisema siku moja. "Huyo wako anakupa nini?"

"Hanipi kitu, Mama."

"Anaongea?"

"Haongei."

"Basi ni Hosea mtupu."

Niliinama nikafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, Hosea aliandika zaidi ya neno moja: "Nakuja tarehe ishirini Desemba. Nimepata nyumba kubwa, nitamchukua." Nilisoma ujumbe huo mara nyingi nikitafuta mahali nilipotajwa mimi.

Wiki hiyohiyo nikaitwa kwenye semina ya siku tatu mjini Moshi. Nilimwonyesha Mama alama kwenye kioo, nikamwambia maji yakishuka hapo aongeze ya mvua.

Niliporudi, anemoni alikuwa amejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Kando ya akwaria kulikuwa na ndoo yenye utepe wa bluu ukingoni. Niliijua. Ndiyo tunayochanganyia kopa, dawa ya kupulizia kahawa.

"Mama, uliongeza maji kwa ndoo hii?"

"Niliisuuza mara tatu, mwanangu. Ungeweza hata kuinywea."

Nilimweleza kwamba kopa ni shaba, na kwamba anemoni hufa kwa kiasi ambacho sisi hatukioni. Mama aliketi kwenye kigoda, khanga mdomoni.

Nilibadilisha maji, nikaweka makaa ya kuchujia, nikabadilisha tena. Mama aliniletea mtori nile hapohapo karibu na kioo. Hakutania tena. Siku ya tatu anemoni aliachia jiwe. Nilipomgusa alimomonyoka mkononi.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi.

Simu yangu ilikuwa na picha zaidi ya mia moja za anemoni akiwa amechanua. Ningetuma mojawapo, Hosea angeandika "Safi", na tarehe ishirini angegonga mlango wetu. Akijua hakuna cha kuchukua, je, angegonga?

"Mwambie ni mimi niliyemuua," Mama alisema kutoka jikoni.

"Nitamwambia ni sisi."

Nilipiga picha ya jiwe tupu. Nikaandika: "Amekufa. Tulitumia ndoo ya kopa, utusamehe. Huna tena cha kufuata hapa." Nikaifuta sentensi ya mwisho. Badala yake nikaandika, "Naomba uje hata hivyo. Ninakungoja mimi." Nikatuma kabla vidole havijakataa.

Alama zikageuka bluu. Amesoma. Nilingoja, hakuandika kitu.

Mama alinisaidia kubeba maji ya chumvi ndoo kwa ndoo hadi barabarani, tusije tukaua migomba. Tulipomaliza nilirudi sebuleni kuzima taa ya akwaria. Mkono ulifika kwenye swichi, nikaurudisha. Badala ya kuizima, nilichukua kitambaa nikakausha kioo kwa ndani, ili tarehe ishirini kiwe safi.