Kimeng'enya Nilichokiua Mimi

Wacha niseme mapema kabla hamjaniuliza: mimi ndiye niliyeharibu. Mzee Kibii hakugusa kitu.

Naitwa Chepngeno. Nasomea saratani katika maabara moja hapa Nakuru. Februari tuliletewa protini kutoka ng'ambo, kichupa kimoja tu, ndani yake matone ya kimeng'enya kinachoitwa Chk1. Mwilini kazi yake ni ya mlinzi wa geti: seli ikiwa na DNA iliyochanika, huizuia isigawanyike hadi itengenezwe. Hiki chetu kilizalishwa ndani ya seli za wadudu, na tulikingoja miezi minne.

Sheria yake kila mtu wa maabara anaijua. Kikifika, unakigawa mara moja kwa vichupa vidogo vidogo, unavigandisha, kila kimoja unakiyeyusha siku ya kukitumia tu, maana kila kukiyeyusha na kukigandisha tena hukidhoofisha. Mimi sikukigawa. Nimelelewa Kabazi na mama anayesuuza pakiti ya maziwa kwa maji ya chai ili tone lisipotee, na nilijua ukigawa, kidogo hubaki kimeshika plastiki. Nikaona hasara. Basi kila wiki nilitoa kichupa chote, nikakiyeyusha, nikachota, nikakirudisha kwa friza. Mara kumi na moja! Ubahili gani huo, jameni?

Kila wiki nguvu yake ikapungua. Niliona kwenye matokeo, nikanyamaza.

Halafu Jumamosi moja stima ikapotea. Mzee Kibii, fundi wetu wa mitambo, alikuja mbio kutoka Free Area akawasha jenereta. Jumatatu nikajaribu kimeng'enya: kimekufa kabisa. Daktari Sitati, mkubwa wetu, akafoka, "Ni hiyo stima! Kibii alichelewa!" Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo na karatasi ya friza mkononi, ile ambayo mashine huchora juu yake kiwango cha baridi mchana na usiku. Mstari haukuwa umepanda hata kidogo; friza haikupata joto. Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti. Hiyo ndiyo aibu yangu, hata kuliko kichupa.

Kandarasi ya mzee ilikuwa inaisha mwezi huo. Sitati akasema haitaongezwa.

Alhamisi nilimkuta mzee store, anapanga vifaa vyake kwa katoni. Nilidhani atanitukana. Wapi! Alivua kofia.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia masomo. Nilisimama kwa geti nikafunga kamba ya kiatu. Labda ni hizo dakika."

Kamba ya kiatu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikatoa ile karatasi, nikaikunjua juu ya katoni, nikamwambia yote, na machozi yakinitoka kama mtoto.

Aliufuata mstari kwa kidole, polepole, mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nilifika mapema."

"Ulifika mapema, mzee."

"Na wewe ulijua tangu Jumatatu."

"Nilijua."

Hakunipigia kelele. Heri angenizaba kofi.

"Naenda kwa Daktari Sitati sasa hivi," nikasema.

"Huyo atangoja." Alikuwa ameshatoa simu, anatafuta namba ya mkewe. "Jepkemei hajalala vizuri wiki hii. Nilimwambia nimezeeka, siwezi kuaminiwa na kazi tena. Mwambie wewe."

Akanishikisha simu. Ikaita mara mbili tu.

"Baba Weldon?" mkewe akasema, kwa upole ule wa kuongea na mgonjwa. "Usijilaumu tena. Rudi tu nyumbani."

Nikafungua mdomo nimjibu.