Malisho ya Kasa

Tangu asubuhi Coleta alikuwa hatulii. Alipepeta ulezi kidogo akauacha, akaingia ndani kumgeuza mama yake, akatoka tena na simu hadi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Hapo kijijini Mwazye mtandao ulikuja ukipenda, ukaondoka bila kuaga.

Mama yake, Josefina, alivunjika mguu alipokuwa akishuka ghalani. Coleta, binti yake pekee, akaomba ruhusa kazini Kilwa, akaja kumuuguza. Kule pwani alifanya kazi na kikundi kinacholinda majani ya bahari, yale yanayoota kwenye maji mafupi na kuliwa na kasa. Kijiji kilikubaliana kwamba sehemu hiyo ya ghuba isiburutwe kokoro, maana wavu huo hung'oa majani na mizizi yake. Sasa wavuvi wageni walikuwa wakizungukazunguka karibu, na bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, ndiyo hiyo imeingia.

"Unamsubiri nani na hiyo simu?" Josefina aliuliza.

"Stumai, mama. Yule mwenzangu wa kazini. Leo huenda wakaingia na kokoro."

"Kwani hao kasa hawana mama yao?"

Coleta alicheka, lakini neno lilimchoma. Alimwonyesha dirishani ng'ombe wa Shija, jirani yao Msukuma, waliokuwa wakila mabua shambani. "Wanakula hivihivi mama, kichwa chini, polepole. Wamezoea palepale."

"Shija akikosa mabua hapa anawashusha bonde la Rukwa. Hao wako nani anawahamisha?"

Simu ililia kabla hajajibu.

"Dada, wameshusha wavu!" Stumai alipiga kelele, maji yakisikika. "Boti ya doria imeharibika. Tumeingia wanawake, tumeshika kamba ya wavu!"

Sauti ya mwanamume ilifoka nyuma yake: "Achieni, tutawaburuta nyie na kasa wenu!" Kisha simu ikakatika.

Coleta alikimbilia kichuguuni. Alimpigia ofisa wa uvuvi, akaambiwa watu wako njiani. Alimpigia Stumai, hapatikani. Akarudi jikoni, akatoka, akarudi, mpaka harufu ya uji ulioungua ikamfikia mama kitandani.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Stumai alipopiga tena. Wale watu wameondoka. Kamba imemchuna mwenzao viganja. Kasa mdogo alinaswa, wakaukata wavu akaenda zake. Lakini majani yameng'olewa eneo kubwa, yanaelea tu.

"Watarudi?"

"Bamvua ijayo, dada. Wametuambia wenyewe."

Coleta aliketi miguuni pa mama yake, akalia. Josefina alimwacha amalize.

"Mpigie Jenifa kule Ilemba," alisema. Jenifa alikuwa mke wa kaka yake Coleta. "Aje anigeuze yeye."

"Mama, hata kukaa hujaweza."

"Nimesema nimepona? Nimesema mpigie. Wewe mwili uko hapa, roho iko majini. Utaniunguza na mimi kama huo uji."

Jenifa alifika na mtoto mgongoni, uso umekunjwa. "Wifi, mimi nimeacha mpunga shambani. Wewe unafuata kasa?"

"Nafuata kasa, wifi. Nisamehe."

Josefina hakumtazama Coleta alipoaga. Aligeukia ukuta, akasema tu, "Ukifika, piga."

Bamvua iliyofuata Coleta alikuwa ghubani na wenzake. Boti ya doria ilikuwa imetengenezwa, na wavuvi wale walipoiona waligeuza njia mbali kabisa na majani. Wanawake walishangilia. Stumai alimkumbatia akamwambia watulie sasa, wameshinda.

Coleta hakuweza kutulia. Alisimama maji yakimfika kiunoni, macho kwenye zile boti zinazotokomea, akiwaza kama Jenifa amekumbuka kumgeuza mama upande wa kushoto.