Majina Chini ya Ukurasa

Jumatano jioni Loyce alikuwa na majina sita tu kwenye orodha yake, na alitakiwa awe na ishirini na moja.

Ishirini na moja, jamani! Kati ya wahitimu thelathini na watano wa kozi ya tovuti na kazi za mtandaoni katika kile kituo cha ufundi cha Singida mjini. Wafadhili walishasema bila kuzunguka: wakionekana ishirini na moja wanaofanya kazi waliyosomea, kozi inaendelea. Akipungua hata mmoja, inafungwa. Kompyuta za darasani zinarudi kwenye maboksi, Mwalimu Chediel anatafuta kibarua kingine, na wale vijana arobaini ambao tayari wana barua za kujiunga Januari wanaambiwa poleni. Mwisho wa kuhesabu: Ijumaa, saa kumi jioni.

Na aliyepewa kazi ya kuwatafuta ni yeye Loyce. Kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo Dodoma! Mtathmini msaidizi. Alikuwa amejitamkia hayo maneno mbele ya kioo mpaka mdogo wake akamwambia, basi dada, tumeelewa. Yeye alifikiri kutathmini ni kukaa na watu, unauliza, wanajibu, unaandika. Nani angemwambia kwamba watu watamkimbia?

"Sita," alisema Mzee Melkizedeki, mtathmini mkuu, mtu mkavu ambaye hakucheka hata gari lilipopiga shimo na chai yote ikaishia kwenye shati la dereva.

"Wapo, bosi. Wanajificha."

"Binti, mimi naandika ninachokiona. Kwenye fomu hakuna sehemu ya waliojificha."

Ukweli ni kwamba siku hiyo hiyo, kule Issuna, Loyce alikuwa amefika mpaka mlangoni kwa mhitimu mmoja anaitwa Peniel. Mama yake alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

"Tunamtafuta Peniel."

"Peniel? Aa, huyo yuko Geita. Machimboni. Ana mwaka sasa."

Halafu yule mama akamgeukia bibi aliyekaa kwenye kigoda, na kwa sauti tamu kabisa, kama mtu anayeagiza maji ya wageni, akamwambia kwa Kinyaturu asogeze kigoda azibe mlango wa stoo, maana kompyuta ya mtoto imo ndani. Loyce ni Mnyaturu wa Sepuka! Hakupitwa na neno. Akajibu kwa Kinyaturu hicho hicho kwamba mama, hatukuja kuchukua kompyuta.

Unafikiri mama aliona aibu? Thubutu.

"Kompyuta gani?" akauliza.

Bibi akaongezea, kigoda kikiwa tayari mlangoni, "Hata wale wa vyerehani walisema hivyo hivyo."

Hapo ndipo Loyce alipoelewa. Miaka ya nyuma mradi mmoja uligawa vyerehani kwa akina mama. Baadaye likaja gari jeupe, na binti mpole mwenye fomu, akasema anafanya tathmini, akina mama wakasaini. Wiki iliyofuata likaja lori, likabeba vyerehani vyote. Sasa wahitimu hawa walipomaliza kozi walipewa kompyuta waende nazo nyumbani. Ukitokea na gari jeupe, na binti, na fomu, unategemea nini? Simu zilipigwa kutoka Issuna hadi Sepuka, kutoka Sepuka hadi Shelui. Namba mgeni haipokelewi. Kila aliyeulizwa, mtoto wake yuko Geita. Kwa hesabu ya Loyce, Geita ilikuwa imejaa mpaka haina pa kusimama.

Mwalimu Chediel naye alijaribu. Kwake walipokea, wakamwamkia vizuri, wakamuuliza gari limeshaondoka? Aliwaapia kwamba kompyuta ni zao. Wakamwambia, mwalimu, tunakuheshimu, lakini hata wewe hujui watakugeuka lini. Na Mzee Melkizedeki ushahidi wake hakuutaka: huyo ni mtu wa ndani, kozi ni yake, lazima aisifie.

Alhamisi asubuhi wakaenda Shelui. Nyumba mbili, majibu mawili. Geita na Geita. Ilipofika saa nne wakasimama kwenye gesti moja kando ya barabara kuu, pale malori yanapopaki, wapate chochote tumboni. Mwenye gesti, Dada Scola, alikuwa anagawa supu ya kuku kwa kasi ya ajabu. Cha kushangaza, madereva walikuwa wanashuka kwenye malori na kukuta supu zao ziko mezani zinafuka moshi.

"Hawa wanaagiza saa ngapi?" Loyce akauliza.

"Wakiwa bado Nzega, mdogo wangu. Wanaingia kwenye tovuti yangu, hiyo hapo ukutani. Wanachagua, naona kwenye simu, naanza kuchemsha."

Ukutani kweli palipakwa rangi anwani ya tovuti. Loyce akaifungua kwenye simu. Kuku wa kienyeji yupo kwa picha. Chapati zipo. Chumba chenye maji ya moto kipo, na bei yake. Akashuka, akashuka, mpaka chini kabisa, kwenye vile viherufi vidogo ambavyo hakuna mtu anavisoma.

Kazi ya Peniel, Issuna. Na namba ya simu.

Loyce alipiga ukelele mpaka dereva mmoja wa meza ya pili akaunguza ulimi.

"Dada Scola! Huyu Peniel unamjua?"

"Peniel? Si alikuwa hapa Jumatatu! Alikuja kunibadilishia bei ya chapati. Akanywa supu mabakuli mawili, na alivyo mwembamba, sijui inaenda wapi."

"Kwa hiyo hayuko Geita?"

"Geita akafuate nini, na wateja wote hawa?"

Loyce akampigia Mwalimu Chediel papo hapo.

"Mwalimu, shikamoo. Vijana wako wote huwa wanaandika jina chini ya kazi?"

"Marahaba. Jina na kijiji! Asiyeandika nilikuwa nakata alama tano. Kuna nini?"

Hakumjibu, maskini, alishakata simu. Alikuwa anatafuta. Kazi ya Damari, Sepuka: kinu cha mafuta ya alizeti. Kazi ya Enock, Shelui: duka la vipuri vya pikipiki. Kazi ya Evodia, Issuna: kwaya, na nyimbo zao zinasikika hapo hapo. Asali, vitunguu, vifaranga, fundi wa mageti. Bando lilipobakia kidogo supu yake ilikuwa imeganda mafuta juu, na kwenye daftari palikuwa na majina ishirini na tisa. Watu walikuwa wamejificha wao, wakaficha na kompyuta, lakini kazi zao ziko wazi dunia nzima inazisoma!

Akalisukuma daftari mbele ya bosi wake. Mzee Melkizedeki akasoma lote, taratibu, huku akitafuna.

"Hii inaweza kuwa mazoezi ya darasani. Tovuti inaweza kukaa hapo miaka, imekufa. Nitajuaje iko hai?"

"Agiza kitu, bosi."

"Niagize?"

"Chochote. Tuone kama kuna mtu atashtuka."

Mzee akachagua mafuta ya alizeti ya Sepuka. Akaandika mbili, akaandika jina lake na namba, akatuma, akairudisha simu mezani kwa uso wa mtu aliyemaliza ubishi. Hazikupita dakika tano, simu ikaita. Akaweka sauti kubwa.

"Haloo! Wewe ndiye Melkizedeki wa madebe mawili?" Sauti ya mama, na nyuma yake mashine inanguruma. "Mimi Mama Dorika wa kinu cha Sepuka. Unapakiliwa kwa gari gani, au unakuja mwenyewe?"

"Samahani mama, mimi nilitaka lita mbili."

"Baba, si usome! Imeandikwa debe, tena kwa maandishi makubwa. Damari aliyakuza makusudi kwa ajili yenu watu wa mjini."

Na hapo, jamani, Mzee Melkizedeki akacheka. Dereva wao aliacha kijiko hewani.

"Huyo Damari yuko wapi mama?"

"Yuko hapa, ananipigia picha madumu mapya. We Damari! Kuna mzee anakuulizia... Ehe? Eti nyie ndio gari jeupe? Ha! Huyo, anatokea mlango wa nyuma!"

"Mama Dorika," Loyce akadakia, "mwambie anayemuita ni mteja wako. Ameagiza madebe mawili!"

"Damari! Rudi hapa, mshamba wewe! Huyu ni mteja!"

Ikapita kama nusu dakika. Kisha sauti ya msichana, anahema.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema Mzee Melkizedeki. "Binti, kompyuta ni yako. Iko kwenye mkataba wa kozi. Mimi nataka kukuona wewe na kazi yako tu."

"Naweza kusema kitu, mzee?"

"Sema."

"Wale wa vyerehani, mama zetu ndio walisaini. Wao wenyewe hawakusaini popote. Siku zote mkija tunasaini sisi. Leo saini wewe."

Dada Scola akasimama na mwiko wake. Loyce alimwangalia bosi, maana huyu mtu alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kusainisha watu, na sijui kama yupo aliyewahi kumwambia geuza karatasi.

Mzee Melkizedeki akachomoa mkataba wa kozi kwenye begi, akakisoma tena kile kipengele cha kompyuta. Akaomba karatasi safi. Akaandika kwa mkono wake: kompyuta walizopewa wahitimu ni mali yao, hakuna atakayezichukua, kipengele namba fulani. Akaandika jina lake lote, cheo, namba ya simu, akasaini. Loyce akaipiga picha, akamtumia Damari. Dakika hiyo hiyo Damari akaitupa kwenye grupu la wahitimu, na chini yake akaandika ombi la Loyce: kesho kituoni, uje na kazi yako na namba ya mteja wako mmoja, kabla ya saa kumi.

Ijumaa saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, hakuna. Mwalimu Chediel alikuwa amefuta ubao mara nne na haukuwa umeandikwa kitu. Loyce alikuwa getini anachungulia barabara.

Saa nne na robo pikipiki ikakunja getini. Nyuma ya dereva amekaa bibi wa Issuna, amepakata kitu kimefungwa kanga, na nyuma ya bibi amebanwa kijana mwembamba.

"Shikamoo bibi," Loyce akakimbia kumshusha.

"Marahaba. Nionyeshe kwanza hiyo saini."

Akaonyeshwa karatasi yenyewe. Akaishika kwenye mwanga, akaigeuza nyuma, akairudisha. Ndipo akafungua kanga na kumkabidhi Peniel kompyuta yake.

"Haya. Fanya ulichosomea."

Peniel akafungua tovuti ya gesti, akampigia Dada Scola, naye akasema mbele ya wote kwamba huyo kijana ni wake, wasimpotezee muda, kuna kazi inamsubiri. Mzee Melkizedeki akaandika. Saba.

Baada yake wakaja kama siafu. Wengine na kompyuta kwenye viroba vya mchele, mwingine kaifunga ndani ya shuka, Damari kashuka na dumu la mafuta la kuonyesha. Evodia alipompigia mwalimu wa kwaya, wanakwaya wote walikuwa mazoezini, wakajibu kwa wimbo. Kumi na mbili. Kumi na sita. Kumi na tisa. Mwalimu Chediel alishindwa kukaa, akashindwa na kusimama, akabaki amechuchumaa karibu na mlango.

Saa saba na nusu akaingia Enock wa Shelui, mikono ina oili, akapiga simu moja kwa mwenye duka la vipuri. Mzee akaandika. Ishirini na moja!

Vigelegele vilivyopigwa hapo, watu wa barabarani walidhani kuna harusi. Loyce aliruka, akamkumbatia bibi, akamkumbatia dereva, nusura amkumbatie bosi.

"Kimya!" alisema Mzee Melkizedeki. "Sijamaliza kuhesabu."

Na kweli hakuwa amemaliza. Mpaka saa tisa na nusu walifika thelathini na watatu. Mmoja alipiga simu ya video kutoka Geita. Ndiyo, huyu alikuwa Geita kweli! Ana ofisi yake ya mabango na tovuti. Thelathini na wanne.

Mzee akaenda ukurasa wa mwisho wa fomu. Pale kwenye mapendekezo, ambapo Loyce alizoea kumwona akijaza nusu ukurasa, akaandika neno moja: Iendelee. Akasaini. Halafu akampa Loyce kalamu.

"Na wewe weka yako. Ndiye uliyewapata."

Mwalimu Chediel alikuwa ameshatoa simu. Akaandika ujumbe kwa wale vijana arobaini, herufi moja moja, anafuta, anarudia: Masomo yapo. Januari njooni na daftari. Vidole vikagoma mwishoni, akamsogezea Loyce simu.

"Tuma wewe, mwanangu."

Loyce akabonyeza, akaiweka mezani.

Jibu la kwanza likaingia kabla hajaondoa mkono. Halafu la pili, halafu matano kwa pamoja, halafu yakawa hayahesabiki, simu inatetemeka na kujisogeza yenyewe juu ya meza, taratibu, kuelekea ukingoni, na watu wote wamesimama wanaitazama wakicheka, hakuna anayetaka kuizuia.