Beberu wa Arubaini

Mwaka wa tisini na tatu, Matano alitoa wasia mbele ya nduguze: siku ya arubaini yake, achinjwe beberu wake mwekundu, watu wale washibe. Kisha akafa. Wanaume bwana, huagiza wakaenda zao.

Mjane wake, Mwanatabu wa Mtongwe, hakutaka kuuvunja wasia. Kilichomkereketa ni kwamba ugonjwa ulikuwa umefagia majike yote, na mtamba mmoja aliyemnunua kule Shika Adabu bado hakutaka dume. Beberu akichinjwa sasa, kizazi alichokilea Matano maisha yake yote kingeishia kwenye pilau.

Akamwita Kitsao, daktari wa mifugo wa Kisauni. Kitsao alivuka feri na sanduku la barafu, akakinga mbegu za beberu, akazichanganya na kiini cha yai na kuzigawa katika vichupa viwili. Kimoja akakitia maji ya kijani aliyoyachuja.

"Mlonge huo?" Mwanatabu akauliza. "Si ndiyo mboga yangu ya jana? Basi tia na tui, mwanangu."

Kitsao akacheka. "Mama, mbegu zikikaa huharibika, kama mafuta ya nazi yanavyochacha. Mlonge huchelewesha uharibifu huo. Kwa kondoo umenifaa, kwa mbuzi ndiyo kwanza najaribu. Sikuahidi kitu."

Vichupa vikawekwa kwenye friji ya jirani, Dhahabu, akaonywa asivigandishe. Arubaini ikasomwa, beberu akaliwa. Mwanatabu hakuonja hata mchuzi. Alisingizia tumbo, kumbe ni roho iliyokuwa ikimuuma.

Siku zikapita, mtamba kimya. Alipoanza kulialia na kutikisa mkia, dalili ya kutaka dume, Kitsao alishakata tamaa, lakini akaja na hadubini yake. Kichupa cha kwanza, mbegu zote zilikuwa zimekufa. Cha mlonge akakitazama kitambo, kisha akampisha Mwanatabu.

Mwanatabu akainama. Mbegu chache, dhaifu, zilikuwa zikijikokota mbele.

"Wamemla, na bado anakwenda," akasema, na machozi yakamtoka asiyafute.

Mtamba akapandikizwa mbegu hizo, na majira yake yalipofika akazaa dume jekundu. Shemejiye Mwanatabu, Rashid, nduguye marehemu, akaja kumtazama, akampapasa mgongo. Akasema huyu akinenepa atafaa sana kwa hitima ya mwaka.

Mwanatabu akamchukua mwanambuzi mikononi.

"Shemeji," akasema taratibu, "alichoagiza Matano nimekitoa. Huyu hakuagizwa na mtu."