Dakika Kumi za Giza Malaba

Miaka kumi na minane Amuge alikuwa amepiga picha za pasipoti mjini Malaba, mpakani na Uganda, na hakuna sura iliyowahi kumshinda. Sasa alitaka kupiga picha ya nyota yenye mkia, na aliyekuwa akimsumbua ni jirani. Mzee Chande, mwenye malori, alikuwa amepeleka barua ya malalamiko kwa naibu chifu: eti ile darubini ya mama huyu, nyuma ya nyumba yake, inaelekezwa kila jioni kwenye yadi yake, ionyeshe wezi wa dizeli pa kuanzia. Naibu chifu hakuzunguka. Kesho asubuhi Amuge alete picha ya hiyo nyota, ama alete darubini yenyewe, ikae ofisini.

Haya. Nyota ilikuwa ikitua upande wa Uganda, na kati ya Amuge na Uganda kulikuwa na yadi ya Chande, na juu ya yadi kulikuwa na mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingotini, ikimwaga mwanga mpaka ndani ya sufuria za watu. Picha za jioni tatu zilikuwa zimetoka nyeupe tupu. Mwingine angelia. Amuge alijifunga leso kiunoni akaenda kumwita mshtaki wake.

"Mzee, umesema naangalia malori yako. Kuja basi uangalie mwenyewe."

Chande alikuja, kofia ya swala bado kichwani, akainama kwenye darubini.

"Sioni kitu. Weupe tu."

"Hiyo ni taa yako. Izime dakika kumi."

"Ndiyo wezi wako waingie?"

Hapo Amuge alikasirika kweli, lakini sauti hakuipandisha. "Kaa kwa hiki kiti, karibu na mimi. Ikipotea hata lita moja, darubini nabeba mwenyewe kwa kichwa mpaka kwa naibu chifu."

Chande akampigia simu Omagor, mlinzi wake. Mulika mwizi ikazima. Amuge akachomeka kamera kwenye darubini, na papo hapo yadi nzima ikawaka kama kuna harusi. Malori ishirini na sita yalikuwa yamewasha taa kubwa kwa pamoja. Wote wawili walikuwa wamesahau jambo ambalo kila mtoto wa Malaba analijua: stima ikipotea yadini, dereva anawasha taa za lori kwanza, maswali baadaye, maana dizeli hunyonywa gizani.

Chande alicheka. Amuge hakucheka. Nyota ilikuwa imebakisha vidole viwili ifike kwenye mabati.

"Waambie wewe," alisema. "Mimi hawanisikii."

Mzee mzima akapanda juu ya kiti cha plastiki, akashika ua wa yadi, akapaza sauti. "Zimeni taa! Kila mtu ashuke, ashike kifuniko cha tangi lake. Mama anapiga picha ya mbinguni."

Madereva wakanung'unika kwa Kiswahili, Kiganda na Kinyarwanda, lakini boss ni boss. Taa zikazima moja moja.

Hata bila darubini mkia ulionekana, mrefu, mweupe, umesimama juu ya Uganda. Chande aliinama tena kwenye darubini. "Subhanallah," alisema polepole, akabaki hapo.

"Toka, mzee, ni zamu ya kamera." Amuge alimsukuma begani bila kuomba radhi. Alipiga picha arobaini, kila moja sekunde kumi.

Asubuhi ofisini, Chande akiwa ameketi kando ya Amuge, naibu chifu aliishika picha, akaigeuza huku na huku. "Ni nzuri. Lakini za hivi zimejaa kwa intaneti. Nitajuaje hii ni ya hapa?"

Hilo Amuge hakuwa amelifikiria.

Chande alisimama. "Ni ya hapa. Nilikuwa hapo."

"Si wewe ndiye mlalamishi?"

"Ndiye mimi."

"Na malori yako gizani, ni nani alikuwa anayaangalia?"

"Hakuna. Madereva wote walishika matangi, lakini macho yalikuwa juu. Mtu angetaka, angebeba mpaka magurudumu. Na haikupotea hata lita moja." Chande akanyoosha mkono juu ya meza. "Rudisha hiyo barua yangu."