Niwekee Taa

Wimbo ni wetu. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukiutaja "Niwekee Taa" mjini Arusha, watu wanakuambia ni wa kwaya ya Moshono. Si wa Moshono. Aliutunga mume wangu Yona, mwalimu wa kwaya yetu huku mlimani Meru, akiwa anapalilia kahawa, na sisi ndio tulioanza kuuimba, mimi nikiwa soprano wa mbele. Ulikuwa wimbo wa kurukaruka. Hata bibi aliyekuja kanisani na mkongojo aliinuka akacheza, mkongojo ukabaki kwenye benchi.

Huo ndio watu walioujua. Mimi nilikuwa na mwingine, ambao hakuna aliyeurekodi. Mwaka wake wa mwisho Yona aliugua kifua, akawa anauimba kitandani polepole, maana pumzi haikutosha. "Nikichelewa njiani," anaanza, halafu kifua kinamkatalia. Nami niko jikoni namenya ndizi, namalizia: "Niwekee taa." Anacheka, anavuta pumzi, anaendelea. Tuliweza kushinda hivyo, yeye chumbani, mimi jikoni. Alipokufa nilibaki na nusu yangu tu, na nusu ya wimbo haiimbiki.

Niliiomba kwaya yetu iujaribu polepole. Mwenyekiti wetu Elifuraha, kijana mwenye heshima ila kichwa kigumu, aliniambia, "Mama Evelyn, huu ni wimbo wa furaha. Tukiupooza tutawalaza watu." Nikaenda zangu nyumbani. Ile kanda ya zamani tuliyorekodi na kwaya nimeisikiliza mara nyingi nikimtafuta Yona ndani yake, na simpati. Mle anaimba mwalimu wa kwaya, si mume wangu.

Mwaka huu wimbo ukachaguliwa kuwa wimbo wa lazima kwenye mashindano ya kwaya, yaani kila kwaya ilitakiwa kuuimba kabla ya kuimba wa kwake. Tulivimba vichwa. Nani angetushinda kwa wimbo wetu wenyewe? Elifuraha alikuwa ameshasafisha mahali pa kuweka kombe. Asubuhi ya mashindano, pale usharika wa Engutoto, kabla hatujaingia kanisani, alituonya kwamba atakayetoa sauti wakati kwaya nyingine inaimba, kwaya yake itakatwa alama. Alimkazia macho kila mtu isipokuwa mimi. Mimi ni mtu mzima.

Tuliimba, na tuliimba vizuri, nani abishe? Vigelegele vilijaa. Kisha wakaingia Moshono na makoti yao ya samawati, wakiongozwa na mwalimu wao, binti mwembamba aitwaye Lilian. Nikamnong'oneza Hanna, aliyekaa karibu yangu, kwamba hawa wana pasi nzuri kuliko sauti.

Lilian akainua mkono. Hawakuukimbiza wimbo. Besi walianza peke yao, taratibu, na katikati yao alisimama mzee mmoja mwenye mvi, kifua kikipanda na kushuka. Ni wimbo uleule, lakini hakuna aliyeinuka kucheza, na mbele yangu mama mmoja alianza kufuta macho. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakiuchezea tu. Siku ile ndipo waliposikia kwamba kuna mtu anaomba asisahauliwe. Nilikasirika, nikaona wivu. Halafu nikatamani wasimalize.

"Nikichelewa njiani," wakaimba, wakanyamaza. Kwaya nzima ilimngoja yule mzee avute pumzi.

Pale ni pangu. Sikukumbuka kombe, sikumkumbuka Elifuraha.

"Niwekee taa," niliimba kwa sauti yangu yote, nikiwa nimekaa kwenye benchi la wapinzani wao.

Majaji waligeuka. Hanna alinivuta kitenge. Lilian hakugeuka, mkono wake uliendelea kwenda, na Moshono wakaupokea wimbo kutoka kwangu kana kwamba tulifanya mazoezi pamoja.

Kombe likaenda Moshono. Wangelichukua hata kama tusingekatwa alama, nami nilimwambia Elifuraha hivyo usoni.

"Umetuponza, Mama Evelyn," alisema.

Nikakubali kwamba nimewaponza. Nilijaribu kujuta, nikashindwa.

Nje, mnada wa mazao ya sadaka ukiwa umeanza, nilimtafuta yule mzee. Nilimkuta amekaa kivulini, koti amelivua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mimi naitwa Solomoni."

Nilimuuliza ni nani aliyewafundisha kuuimba namna ile. Akacheka.

"Hakuna. Mimi nina pumu. Wenzangu walikuwa wananiacha nyuma, nikataka kuacha kwaya. Lilian akasema haachwi mtu hapa, tutamngoja Mzee Solomoni. Basi tukazoea." Akanitazama vizuri. "Kumbe ni wewe uliyenimalizia! Nani alikufundisha kuingia pale?"

"Mume wangu."

"Naye ni mwimbaji?"

"Besi, kama wewe."

"Besi wazuri ni wachache, mama. Mwambie basi aje Moshono siku moja, tuimbe naye."

Nyuma yetu mnadi alikuwa ameinua mkungu wa ndizi, anapaza sauti akiuliza nani anaongeza. Nilisubiri amalize ili mzee anisikie.

"Nitamwambia," nilisema.