Kisanduku cha Nne

Kila Aprili, theluji ilipoanza kuyeyuka kwenye maegesho ya magari, Verna Haugland alikuwa akitoa kabatini alama zote za vidole ambazo mwenyewe hakujulikana na kuziangalia upya. Hakuna aliyemlazimisha. Ulikuwa utaratibu aliouweka mwenyewe alipopewa usimamizi wa kitengo cha alama za vidole katika ofisi ya sherifu ya kaunti yetu, miaka kumi na sita iliyopita. Sisi mafundi wake tulimsaidia, kila mtu na rundo lake na lenzi yake.

Jumanne ya Juma Kuu alikuwa na jalada la duka la dawa. Novemba iliyopita mtu alivunja mlango wa nyuma wa duka hilo, akampiga mlinzi kichwani kwa nondo na kuondoka na vidonge vya maumivu. Mlinzi alipona, lakini hakukumbuka sura. Siku mbili baadaye alikamatwa Lyle Savard, fundi bomba, kwa sababu jirani aliona gari kama lake likipita hapo, na kwa sababu aliwahi kugombana na mwenye duka. Ndani ya mlango wa kabati la dawa, mahali ambapo mteja hafiki, ilipatikana alama moja nzuri ya kidole. Verna aliichunguza, akaandika kwamba si ya Lyle, wala si ya mtu yeyote aliyemo kwenye kompyuta ya serikali.

Ripoti hiyo ingeweza kumsaidia Lyle, lakini ilimwumiza. Mwendesha mashtaka alisema basi walikuwa wawili, na Lyle anamficha mwenzake. Kwa miezi mitano walimuuliza jina la huyo mwenzake, naye hakuwa na jina la kuwapa. Mwishowe wakamwambia akikiri atafungwa miaka mitatu, akikataa anaweza kupata tisa. Tulisikia kutoka mahakamani kwamba atakiri Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Katika jalada hilo kulikuwa na alama ya pili, iliyoinuliwa kwa unga na utepe kutoka fremu ya mlango. Ilikuwa kipande kidogo kama ukucha, hakitoshi kutafutiwa mtu. Verna aliziweka mbili hizo sambamba, kisha akaniita.

"Charlene, njoo uniazime macho. Unaona nini?"

Nilimwambia naona makovu mawili, moja limelala kulia na jingine kushoto.

"Watu wawili tofauti, wote na kovu la urefu uleule, linalokata mistari sita ileile?"

Hakungoja jibu. Alichukua picha ya alama ya kabatini, akaenda nayo chooni, nami nikamfuata. Aliishika mbele ya kioo cha juu ya sinki. Ndani ya kioo kovu lililala upande uleule na la fremu ya mlango. Kilikuwa kidole kimoja.

Alama ya kabatini ilikuwa imeinuliwa kwa karatasi ya jeli nyeusi. Jeli, tofauti na utepe, hubeba alama kinyumenyume, kama muhuri, kwa hiyo picha yake lazima igeuzwe ndipo kidole kiwe kidole tena. Fomu yetu ina visanduku sita, na cha nne kinauliza kama picha imegeuzwa. Gordy Lindahl, mpiga picha wetu, hajawahi kusahau kugeuza, na kwa sababu hiyo kisanduku cha nne kilikuwa kinawekewa alama ya vema kabla picha haijatazamwa. Lakini wizi ule ulitokea wiki ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Wiki hiyo hata daktari wa meno hufunga. Gordy alikuwa msituni, juu ya mti akivizia, na koti lake la uwindaji la rangi ya chungwa, na Duane Maki, mchunguzi wetu wa siku nyingi, alikuwa juu ya mti mwingine maili kumi kutoka hapo. Mimi, kabla sijahamishiwa kitengo hiki, nilitolewa idara ya leseni kushika kamera siku nne, kwa kuwa nilikuwa nimesoma upigaji picha jioni baada ya kazi. Picha zangu zilikuwa safi. Hakuna aliyeniambia habari ya kugeuza, nami sikuuliza.

Pale kwenye sinki nilisema kosa ni langu. Verna alichomoa karatasi akafuta mikono, ingawa hakuwa amenawa.

"Wewe ulipiga ulichokiona," alisema. "Kisanduku nilikijaza mimi."

Kabla ya kugusa kompyuta alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kidole kikigeuzwa kinaweza kuwa cha Lyle mwenyewe, na hapo sisi ndio tutakaomfunga. Alianza na Lyle. Alitumia saa nzima na dakika kumi. Hakikuwa chake. Ndipo akatafuta, na kompyuta ikaleta majina ishirini. La kwanza lilikuwa la mtu aliyewahi kuendesha gari la kusambaza dawa la duka lile, akafukuzwa kwa wizi. Sehemu kumi na saba zililingana, pamoja na kovu.

Kanuni yetu ni kwamba mchunguzi wa pili haambiwi wa kwanza ameona nini. Verna alifunika jina kwa karatasi ya njano, akamwachia Duane meza, akatoka ili uso wake usisomwe. Nilimkuta ukumbini, karibu na tangazo la mlo wa samaki wa Kwaresima kanisani, amefumba macho. Baadaye nilimuuliza alikuwa akiomba nini. Alisema hakuomba iwe hivi au vile. Alimwomba Mungu Duane aone kilichopo, basi.

Duane alitoka baada ya saa moja. Alisema ni mtu mmoja, hana shaka. Kisha akaona tarehe ya jalada.

"Sasa mimi nilikuwa juu ya mti naganda kwa baridi," alisema, "ninyi huku mlikuwa mnafanya nini, mnamaliza soseji zangu?"

Alipoelezwa habari ya kisanduku aliacha utani. Alivuta kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba kila Aprili tunatafuta upya na kila mwaka kompyuta inaongezewa majina. Verna aandike kwamba safari hii jibu limepatikana. Lyle atatoka vilevile. Verna akitaja kisanduku, mawakili watafungua kila karatasi aliyowahi kutia sahihi.

Verna aliniuliza wiki ile tulipiga picha ngapi za jeli. Nilihesabu kwenye daftari. Kumi na moja.

"Basi zipo kumi nyingine," alisema. "Nikinyamaza, nani atazigeuza?"

"Sisi, bosi. Kimyakimya."

"Kimyakimya ndivyo tulivyofika hapa, Duane."

Aliandika ripoti mpya alasiri hiyo, ukurasa mmoja na nusu. Jina langu halikuwemo, aliandika "mpiga picha wa muda ambaye sikumfundisha." Nilimwomba aliweke. Alisema akiulizwa atalitaja. Akaituma kwa sherifu, kwa mwendesha mashtaka na kwa wakili wa Lyle kwa dakika ileile, ili asiwepo wa kuikalia.

Mwendesha mashtaka alitaka jambo hili lisubiri hadi baada ya Pasaka, maabara ya jimbo ithibitishe kwanza. Jumatano Verna alizibeba alama zote mbili mwenyewe, mwendo wa saa tatu kwenye barabara yenye theluji ya maji, akarudi na uthibitisho.

Alhamisi Lyle aliletwa mahakamani na nguo za jela. Wakili wake alimuuliza Verna swali moja tu: tangu ripoti ya kwanza zimepita siku ngapi. Verna alisema mia moja hamsini na nne. Hakutazama karatasi. Kabla ya saa sita Lyle alikuwa nje, na mama yake alimvalisha koti zito la Novemba ingawa jua lilikuwa limeshawaka.

Zile kumi zote zilipogeuzwa, mbili zaidi zilibadili jibu. Mwezi Juni Verna aliondolewa kwenye usimamizi, na Duane akapewa nafasi. Siku ya mwisho ya Verna mezani, Lyle alikuja. Mahakama ilikuwa imeamuru arudishiwe kadi yenye alama za vidole vyake kumi, naye hakutaka itumwe kwa posta. Verna alimkabidhi. Lyle aliitazama mbele na nyuma.

"Wewe ndiye wa kisanduku?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe."

Siku hizo Duane alikuwa amekwisha kufunga kioo kidogo ukutani, kando ya kamera. Verna alimpeleka hapo, akashika picha ya kidole cha kabatini, kwanza ikimtazama Lyle, kisha ikitazama kioo. Lyle aliinama karibu. Alitazama picha, akatazama kioo, akarudi kwenye picha.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu," alisema Verna.

Lyle aliikunja kadi yake mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akatoka.